Kichwa cha Jumamosi

Kaa, Kageha. Kiti hiki hulia lakini hakijaangusha mtu.
Kitambaa kibaki kwanza. Nieleze harusi; nywele zitafuata.

Ikiwa ya kanisani, hapa Chavakali,
kwaya tatu na mhubiri asiyevaa saa,
nitakufunga songo la chini, kisogoni,
kwa vibanio ishirini na viwili.
Shela ni mzigo, na shangazi zako hukumbatia
kama watu wanaomtoa ng'ombe mtaroni.
Songo la utosini liliwahi kuniaibisha kule Mbale:
bibi harusi akasema, "Nakubali,"
nalo songo likainamia upande wa mpambe.

Ikiwa ya msajili, Kisumu,
robo saa na muhuri,
njia sita za kurudi nyuma zatosha;
zitakufaa hadi kazini Jumatatu.
Karani hutazama kitambulisho tu,
na humo sote tuna vichwa vya mahabusu.

Mwezi wa nne nilimsuka Zamzamu, Mnubi wa Kibos,
siku nzima, kwa nyuzi za dhahabu, vidole vikavimba,
kisha wakamfunika mtandio gubigubi.
Nikamuuliza mamake: Kazi yote hii, nani ataiona?
Akanijibu, udi ukimfuka begani:
"Kwani moyo wako huuanika kwenye kamba?"
Tangu siku hiyo nasuka hata kisogo kwa adabu.

Na ikiwa ya nyumbani, ya ng'ombe na jamvi,
sitazipiga pasi. Hata ukinililia.
Kuna moshi wa jikoni,
na mvua ya kwetu huja saa tisa, haingoji kadi.
Nywele zilizonyooshwa saa tatu
saa kumi zimeshakumbuka kwao.

Haya. Ni ipi?

Hukujibu. Ulivuta fundo la kitambaa
na kichwa kikatoka kitupu, chenye kivuli cha wiki tano,
kama shamba la wimbi lililoota jana.
Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyekula mazishini,
niliyewaona mkiketishwa kigodani mmoja mmoja
siku ya tatu, kila kichwa na wembe wake,
nywele zenu zikitupwa migombani.
Mamako nilimsuka miaka tisa.
Mkono wangu ulijua kovu lake,
nyuma ya sikio la kushoto.

"Ni ya kanisani," ulisema. "Jumamosi.
Mama alituapisha tusiahirishe."

Nikashusha wigi tatu. Zina majina: Malkia, Sekretari, Nairobi.
Sekretari ilikukaa vizuri, na hilo ndilo lililokukera.
Ulijitazama, ukasema, "Huyu, mama hamjui."
Ukaivua taratibu,
kama anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Kinyozi hajinyoi, husemwa;
hawakusema lolote juu ya msusi
anayelia na kitana kisicho na kazi mkononi.
Nilikwenda kwa Lung'aho, mlango wa pili, nikaazima mashine,
nikakuchongea kingo: paji, sikio, shingo.
Nikakupaka mafuta. Kidole kikapita, bila kutumwa,
nyuma ya sikio la kushoto.
Hapakuwa na kitu.

Ulitaka kulipa bei nzima. Nilichukua mia mbili.
Bure ingekuwa msiba tena.

Jumamosi mvua ilikuja saa tisa kasorobo.
Wapambe wakatimua mbio, wamefunika kazi yangu ya siku mbili
kwa mikoba, kwa sahani, kwa karatasi za ibada.
Wewe ulitembea.
Mtu wa kwaya akasema nyuma yangu,
"Tazama kichwa cha Kageha,
maji yanateleza kama juu ya jani la nduma."

Mimi nilikuwa nimeinama,
nikiokota vibanio matopeni. Saba.